Binti Sultani na gauni la Kakuma

Yapo makosa ambayo mtu huyatenda kwa dakika moja akayajutia mwaka mzima. Langu nililitenda Kakuma, mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wasiopungua mia mbili, na kwa kuwa nililitenda hadharani, naona si haki niliungame faraghani. Ndiyo sababu naomba safu hii leo inistahimili.

Nilikuwa nimealikwa kuongoza warsha ya walimu wa Kiswahili. Warsha ilipomalizika, wenyeji wangu waliniomba niwe mmoja wa waamuzi wa tamasha dogo la shule. Palikuwa na mashairi, pakawa na ngoma, na mwishowe jua lilipoanza kupoa pakawa na maonyesho ya mavazi ya asili ya karamu. Kila mshiriki alitakiwa atokee na vazi ambalo watu wake hulivaa usiku wa sherehe, alieleze kwa Kiswahili sanifu, kisha ajibu swali moja la waamuzi.

Asiyeijua Kakuma huenda akadhani kwamba mahali pale pana vumbi na mahema tu. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea waliokimbia vita Sudan, na wakaja Waethiopia, Wasomali, Wakongo, Warundi na wengine, wote katika nchi ya Waturkana. Kwa hiyo jioni ile tuliona diraa ya Kisomali nyepesi kama ukungu. Tukaona pamba nyeupe ya Kihabeshi yenye nakshi kwenye pindo. Tukaona lawa ya Sudan Kusini iliyofungwa begani. Tukamwona binti wa Kiturkana katika ngozi laini ya mbuzi, shingo yake imezungukwa na ushanga tangu mabegani hadi kidevuni. Niliandika alama kwa furaha.

Kisha akatoka msichana wa kidato cha tatu. Gauni lake lilikuwa refu, limeshonwa kwa kitenge cha Kikongo. Bega moja lilikuwa wazi, la pili limefungwa fundo la lawa. Pindo lilikuwa la nakshi ya Kihabeshi, na kiunoni palikuwa na mshipi mpana wa ushanga wa Kiturkana. Alieleza kila kipande alikipata kwa nani. Kitenge kilikuwa cha mamake. Fundo alifundishwa na jirani. Pindo lilitoka kwa mshonaji wa sokoni. Na mshipi alipewa na bibi mmoja wa Kiturkana ambaye mamake humuuzia sabuni. Zamu yangu ya kuuliza ilipofika, nilimuuliza vazi lile ni la kabila gani. Akafikiri kidogo, akajibu kwamba ni la pale pale. Nami, kwa ile sauti ambayo sisi wa vyuo vikuu huipenda mno, nikamweleza kwamba hapana vazi la asili lisilo na wenyewe, kwamba aliyechanganya vyote hana chochote, nikampa alama ya chini kuliko wote. Aliinamisha kichwa, akanishukuru kwa adabu, akaondoka jukwaani.

Baina ya Kakuma na Lodwar pana takriban kilomita 120. Nilikuwa nimekwisha kupita nusu ya njia, gizani, nilipomkumbuka mwanamke mmoja aliyekufa karne moja iliyopita, nikatambua kwamba kama angesimama mbele yangu jioni ile, naye ningemnyima alama. Huyo ni Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, ambaye walimwengu wengine wanamjua kwa jina la Emily Ruete. Wanafunzi wetu husoma habari za babake, husoma habari za nduguye Barghash, lakini yeye hutajwa kwa sentensi moja, kama kisa cha mapenzi. Mimi namwona kuwa ni kisa cha mtu aliyelipa gharama ya kila nguo aliyoivaa na kila nguo aliyoivua.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Babake, Sayyid Said bin Sultan, alikuwa mtawala wa Oman na Unguja. Mamake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa angali mtoto katika nchi za Kaukasi na kuuzwa. Katika kasri lile, kama Salme mwenyewe alivyokuja kusimulia, zilisikika lugha nyingi kwa wakati mmoja: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Asubuhi mlio wa mitalawanda ulijaa ukumbini. Msomi wa lugha kama mimi humwonea wivu mtoto aliyekulia katika darasa kama hilo.

Lakini tusidanganyike na uzuri wa picha. Suria mpya alipoletwa katika kasri la Sultani alitakiwa avue vazi la kwao na kuvaa la Kiarabu. Jilfidan alikwisha kuvuliwa nchi na wazazi. Nguo ilikuwa kitu cha mwisho kuondolewa. Na hariri waliyoivaa mabinti wa Sultani ilitokana na karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa, ambao wao walivaa merikani na kaniki. Salme alimiliki watumwa, na hata alipokuwa mtu mzima Ulaya aliutetea utumwa wa kwao katika maandishi yake. Hilo ni doa, wala sioni sababu ya kulifuta ili kisa kiwe kitamu.

Vazi lenyewe alilokulia lilikuwa hivi. Mwanamke wa daraja lake alivaa kanzu iliyotariziwa, na chini yake suruali ndefu yenye marinda kwenye vifundo vya miguu. Kichwani palikuwa na kitambaa na mapambo. Alipotoka nje alijitanda shela, na usoni akaweka barakoa. Sketi haikujulikana. Wanawake walivaa suruali, na hakuna aliyeona ajabu.

Salme hakuwa mtu wa kupangiwa. Mabinti walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakukuwa sehemu yao. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1856 babake alifariki baharini, na Salme, akiwa na umri wa miaka 12, akahesabiwa mtu mzima na kupewa urithi wake. Mwaka 1859 mamake naye akafa. Mwaka uo huo kalamu ile ya siri ikamtia matatani: nduguye Barghash alipofanya njama ya kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, Salme ndiye aliyekuwa karani wa waasi, na umri wake ni miaka 15. Njama ilivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki baina ya ndugu wasioaminiana.

Baadaye alihamia nyumba ya mjini iliyopakana na ya mfanyabiashara wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Walijuana, wakapendana, naye akashika mimba. Katika nyumba ya kifalme, jambo hilo lilikuwa na hatari ya mauti. Usiku mmoja wa Agosti 1866 alipanda manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi sana. Huko ndiko alikomsubiri Ruete kwa miezi mingi, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa na kuolewa siku moja. Aliingia kanisani akiwa Salme, akatoka akiwa Emily. Jina lilibadilika, dini ikabadilika, na vazi likabadilika. Miaka mingi baada ya mamake kuvuliwa nguo za Kicherkesi ili awe Mwarabu, bintiye alivua nguo za Kiarabu ili awe Mjerumani.

Hebu tutazame ni vazi gani aliloingizwa. Miaka hiyo mtawala wa mitindo ya Ulaya alikuwa Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1825 na kuhamia Paris, ambako mwishoni mwa miaka ya 1850 alifungua nyumba ya ushonaji iliyokuja kuhesabiwa kuwa mama wa ushonaji wote wa kifahari. Wateja wake walikuwa kina Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa. Worth alipokuwa kijana London alikuwa akizuru majumba ya sanaa kutazama picha za watu wa kale, na gauni zake za jioni zilirithi mikono, kola na mikunjo ya karne zilizopita. Yaani hata huyo aliyewaamulia Wazungu lipi ni vazi la heshima alikuwa mkopaji. Alikopa kwa wafu, na wafu hawadai.

Gauni hizo zilimtaka mwanamke abanwe kiuno kwa kamba na vipande vigumu, kisha sketi itanuliwe kwa matao ya chuma. Ilipofika miaka ya 1870 upana ukahamishiwa nyuma. Mwanamke aliyezoea suruali na kanzu huru, katika joto la Unguja, akajikuta Hamburg katika baridi, amebanwa kifua, hana lugha, na watu wanamkodolea macho mitaani. Barua alizoziandika kuhusu miaka hiyo, ambazo tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1993, ni maandishi ya upweke mkubwa.

Jambo moja hunishangaza. Katika miaka yake ya mwanzo Hamburg alikwenda studio akapigwa picha akiwa amevaa vazi la Unguja, kanzu, suruali na mapambo yote. Ndiyo picha yake inayojulikana kuliko nyingine. Wengi huitazama wakadhani ilipigwa kwao. La, ilipigwa ughaibuni, baada ya kubatizwa, baada ya kuolewa, mbele ya kamera ya Mjerumani. Vazi lilelile ambalo Unguja lilikuwa nguo ya kila siku, Hamburg limekuwa vazi la asili, kitu cha kuvaliwa mbele ya watazamaji. Ninyi walimu mtakaowaonyesha wanafunzi picha ile, waulizeni swali hili: huyu ni mwanamke aliye kwao, au ni mwanamke anayewaonyesha wengine kwao? Mimi sikujiuliza swali hilo jioni ile Kakuma, na laiti ningejiuliza.

Msiba haukukawia. Agosti 1870 mumewe aligongwa na gari la reli lililokokotwa na farasi, akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Mjane alihama mji baada ya mji: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Maisha yalikuwa ya dhiki, naye akafundisha Kiarabu ili apate riziki. Kalamu iliyofunzwa juu ya mfupa wa ngamia ikawa ndiyo inayolisha watoto. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alizuru London. Salme alikwenda huko kwa matumaini ya kupatana na nduguye, lakini Waingereza walimzuia wasionane. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, akiwa kete katika mchezo wa Bismarck wa kugawana pwani yetu. Watu walimjia njiani kumlaki. Nduguye alikataa kumwona. Alirudi tena mwaka 1888, akapata yaleyale.

Kati ya safari hizo mbili, mwaka 1886, alichapisha Berlin kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya mwanamke wa pwani yetu kujisimulia. Alikuwa na jambo la kuwaambia wasomaji wake: kwamba wao waliomsikitikia kwa vazi lake la zamani hawakuwa wamelielewa. Akaeleza kanzu, akaeleza suruali, akaeleza barakoa, wala hakuficha kwamba kila desturi ina uzito wake, ya Mashariki na ya Magharibi. Unguja alikwisha kuwa mwasi. Ujerumani alibaki mgeni. Baada ya safari ya 1888 aliishi Jaffa, kisha Beirut, hadi mwaka 1914, ndipo akarudi Ujerumani. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg karibu na mumewe.

Sasa nitazame jambo lililotukia Paris mwaka 1911, Salme akiwa Beirut, mwanamke wa miaka 66. Tarehe 24 Juni mshonaji mashuhuri Paul Poiret aliwaalika matajiri katika karamu aliyoiita usiku wa elfu na mbili, wote wavae kwa mtindo wa Mashariki kama alivyouwazia yeye. Mwaka huohuo aliwauzia wanawake wa Ulaya suruali pana zilizobanwa vifundoni, nao, wale waliokwisha kuchoka kubanwa viuno, wakazilipia fedha nyingi. Suruali! Kile ambacho binti wa Unguja alikivua mwaka 1867 ili akubaliwe miongoni mwa watu wa heshima, watu wa heshima wenyewe walikivaa miaka 44 baadaye wakakiita mtindo mpya. Na mchezo haukuishia hapo. Mwezi Januari 1997 nyumba ya Dior ilionyesha Paris gauni za kifahari zilizopambwa kwa ushanga wa shingoni wa mfano wa Wamaasai, kazi ya John Galliano. Mtazamaji alishangilia. Hakuna aliyemuuliza Galliano gauni lile ni la kabila gani.

Hapo ndipo aibu yangu iliponishika barabara. Maana mimi ni mtu wa lugha, na lugha ninayoifundisha ni sanduku la nguo za kuazima. Leso tulipewa na Wareno. Gauni, sketi na koti tulitwaa kwa Waingereza. Barakoa ni ya Waarabu; bafta na shali zimetoka Uajemi; merikani ni jina la nchi iliyotuletea pamba. Je, kuna mwalimu atakayemwambia mtoto kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili si cha mtu yeyote? Tunachokisema kila siku madarasani ni kinyume chake: kwamba lugha hii ina wenyewe kwa sababu imejua kupokea na kukipa kila ilichopokea umbo lake. Hata mavazi niliyoyapa alama za juu yana safari zake. Kitenge kina nasaba ya batiki za Java zilizoigwa viwandani Uholanzi. Ushanga wa kioo ulifika bara kwa mikono ya wafanyabiashara. Tukiichimba asili ya kila vazi hadi chini, tutamkuta mgeni ameketi, anatungoja.

Hata hivyo sitaki msomaji anielewe vibaya, adhani nasema kwamba kila mchanganyiko ni mwema. Jilfidan hakuchanganya, alivuliwa. Salme alichagua mume, lakini nguo hakuichagua, aliikuta mlangoni pa maisha mapya kama kodi. Poiret alichukua na hakumtaja mwenye mali. Kuna kuvuliwa, kuna kutozwa, kuna kunyakua, na kuna kupokea. Haya manne hayafanani, na kazi ya mwalimu ni kumfundisha mwanafunzi kuyatofautisha.

Yule msichana wa Kakuma alikuwa amepokea. Wala hakunificha waliompa. Alitaja kila mmoja, kipande baada ya kipande, na ndilo jambo ambalo washonaji wakubwa wa Paris hawakulifanya. Nilikuwa na masikio, sikusikia, kwa sababu nilikuwa nangoja jina la kabila. Na jibu lake lilikuwa sahihi. Wengi wa vijana wale wamezaliwa palepale, katika ardhi ya Waturkana, na hawana pengine wanapopajua kwa macho. Kusema vazi lile ni la pale pale ni kusema kweli ambayo sisi wenye vitambulisho na vijiji vya babu hatujaizoea.

Nilipofika Lodwar nilimpigia simu mwalimu mwenyeji wangu, nikamwomba alama zirekebishwe. Akanijibu kwa upole kwamba zawadi zimekwisha kutolewa na wanafunzi wamekwisha kulala. Nikaomba basi anifikishie radhi zangu. Alifanya hivyo. Aliniarifu baadaye kwamba msichana amezipokea kwa adabu ileile, lakini amelikunja gauni na kulirejesha sandukuni, na hasemi kama atalivaa tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lililobaki ni hili, nanyi walimu wenzangu ndio ninaowaelekea. Msimu wa tamasha utakapofika, na mtoto akatokea mbele yenu na vazi msilolijua, msiharakie kuuliza ni la nani. Muulizeni amelipata kwa nani, na amewashukuru vipi. Na kama binti yule anayasoma haya, basi namwomba alifungue sanduku.